Kisichofuka

Panapofuka moshi hapakosi moto, walisema wahenga,
wakatuachia jicho litulinde.
Hawakusema neno juu ya kisichofuka.

Januari, Winnipeg. Nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri.
Madirisha ya mama mkwe wangu, Halyna Derkach,
yamezibwa kwa nailoni na gundi tangu Novemba;
hata mluzi wa upepo hauna pa kupenyea.
Ndani, tundu limening'inia karibu na friji,
na tunduni kasuku wawili wa kijivu, wadogo kama ngumi,
kishungi cha manjano, duara la chungwa shavuni
kama watoto waliotoka kuteleza barafuni:
Zirka, na mumewe Bublyk.

Kikaango nilikileta mimi. Zawadi ya Krismasi.
Cheusi, chepesi, yai likiteleza juu yake
kama lisilojua pa kukaa.
"Hakigandishi, mama," nilimwambia.
Akakipokea kwa mikono miwili,
akakitundika kando ya chuma cha marehemu mama yake,
kile kizito kama deni.

Asubuhi ile alikuwa nje, anazoa theluji kwa koleo.
Nikawasha jiko. Simu ikalia:
mwalimu wa mwanangu, kiatu cha theluji kimepotea,
cha kushoto, cha buluu, hapana, cha kijani,
nami nikaenda chumbani kutafuta risiti.
Dakika kumi. Labda kumi na mbili.
Kikaango kilikaa motoni kitupu, kimya.
Hakikutoa moshi. Hakikunuka,
au kilinuka kidogo tu, kama ndoo ya plastiki iliyosahauliwa juani.
Nilivuta hewa ile ile, wala sikukohoa.
Mapafu yangu magunia;
ya Zirka, ganda la kitunguu.

Nilisikia kitu kikianguka. Kidogo. Kama soksi.

Halyna aliingia na theluji kwenye nyusi,
akatazama tundu, akatazama jiko,
akalizima. Hakuuliza.
Akaanza kuchana nailoni ya dirisha kwa kucha, akasita:
baridi ile nayo ni kisu.
Ndipo akamtia Bublyk ndani ya koti, chini ya sweta,
juu ya titi lililomnyonyesha mume wangu,
akatoka kwenda kukaa garini.
Injini hakuiwasha.
Nilimwona kupitia kioo, amejikunja juu ya usukani,
anavuta pumzi, anashusha, polepole,
kama anayemfundisha mtu kusoma.

Zirka alingoja ndani ya kopo la biskuti, bandani,
mpaka Mei, ardhi ilipokubali jembe.

Kwa Halyna sasa hapafukizwi kitu.
Hapana mshumaa wa mdalasini, hapana dawa ya nywele;
oveni husuguliwa kwa magadi na siki,
na rangi ya ukuta hungoja kiangazi, kama harusi.
Siku ya kumtembelea sijipaki marashi.
Naingia nikinuka mtu, basi.
Yai linagandia chuma cha bibi,
tunakwangua, tunagombania ukoko.

Kikaango changu hakukitupa.
Kiko uani juu ya kigogo, kimejaa alizeti za shomoro.
"Huko nje," alisema, "hewa ni nyingi."
Hajasema zaidi ya hayo, hata leo.

Bublyk alipona. Lakini hakutoa sauti hadi mwisho wa Machi,
na siku alipofungua mdomo
haukuwa wimbo wake wa zamani, ule wa kumwita mkewe.
Ulikuwa mlio wa simu yangu,
ule wa asubuhi ile, sawasawa,
mara tatu, kisha kituo, kisha mara tatu.

Anaupiga mpaka sasa, pengine usiku wa manane.
Na kila akiupiga, jiko liwe limepoa tangu jana,
niwe na kiatu kimoja mguuni,
nakimbilia jikoni.